Maombolezo ya Begi la Kijani

Filomena aliponipigia simu kunieleza kwamba mama yake amefariki, hakulia. Alisema, "Mtani, kazi yako imefika," nami nikaelewa kwamba natakiwa nisafiri. Wanaonifahamu watacheka wakifika hapa. Mimi ni mtu wa nyumbani, na sisemi hivyo kwa kujisifu, nasema kama mtu anavyosema ana pumu. Kutoka Chuno, hapa Mtwara, hadi Masasi ni safari ya asubuhi moja, barabara siku hizi ni lami, lakini nikilala kitanda kisicho changu napata homa, na homa hiyo haijawahi kuonekana kwenye kipimo cha hospitali yoyote. Sasa mama yake Filomena alikuwa Mmakua, mimi ni Mmakonde, na sisi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akifiwa huendi kwa kupenda. Wenzako wakilia, wewe ndiye wa kumsema maiti, kuwakebehi wafiwa, kukalia jembe la wachimba kaburi mpaka upewe kuku, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Usipokwenda, msiba unabaki na pengo. "Na ukija," akaongeza Filomena, "kuna jambo nataka kukuuliza. Nimekaa nalo tangu mwaka ule wa falsafa." Nikamjibu nakuja. Kisha nikainama uvunguni nikatoa begi la kijani, lile lile la mwaka ule. Bado linaonekana jipya, maana mwenye begi ndiye mimi.

Watu wakisikia kwamba niliwahi kusoma falsafa chuo kikuu hudhani niliitwa na kiu ya hekima. Niliitwa na ukaribu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nimemaliza kidato cha sita muda mrefu, nipo nyumbani namsaidia mama kupika vitumbua vya asubuhi, ndipo Wakatoliki walipofungua tawi la chuo kikuu chao hapa mjini, kwenye majengo ya shule ya zamani yenye mabati yaliyolia jua likipanda kama vile nayo yanasahihishwa. Kwa mtu mwenye matokeo kama yangu ilikuwapo shahada moja tu, na shahada yenyewe ilikuwa falsafa. Nilipima njia kwa miguu yangu. Ukitoka darasani mchana unafika kwetu mama ndiyo kwanza anasonga ugali wa muhogo. Hoja hiyo ilinitosha, na ingawa nilifundishwa hoja mwaka mzima baada ya hapo, sikupata nyingine iliyoizidi. Mama aliuliza jambo moja tu, kama hapo chuoni wanapika nguruwe. Nikamwambia nitakula nyumbani. Mwalimu wangu wa madrasa alipoambiwa akasema tumehimizwa tuitafute elimu hata Uchina, na mama akamjibu kwamba hii basi ni nafuu kubwa, ipo mwendo wa kwenda sokoni.

Aliyefurahi kupita kiasi ni Mjomba Hamisi, kaka yake mama, mkulima wa korosho na mpunga kule Kitaya, ukingoni mwa Ruvuma. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, kwa hiyo mtoto akifanya la maana, sifa huenda kwa mjomba kwanza, mama anapata zinazobaki. Mjomba alilipenda neno mwanafalsafa kabla hajajua maana yake, na alipoijua hakubadilisha mawazo. Alilitembeza kijiji kizima. Likizo ya kwanza nilipokwenda kumsalimia (nilikwenda asubuhi nikarudi jioni), nilikuta wazee wawili wananisubiri barazani kwake wakitaka niwaamulie mkorosho uliopandwa shamba hili lakini unaangushia mabibo yake shamba lile. Niliwaambia kwamba swali lenyewe ni zito. Wakatikisa kichwa kwa heshima, wakaondoka wameridhika. Njiani kurudi nilijua kwamba nimekwishaielewa falsafa yote ninayoihitaji.

Tulikuwa wachache darasani, na mwalimu wetu mkuu alikuwa padri Mhindi, mtu wa Kerala, mwembamba, mwenye Kiswahili kilichonyooshwa kama kanzu ya Idi. Jina lake Padri Yosefu, sisi tukamwita Padri Korosho akiwa hayupo, kwa sababu siku ya kwanza alitueleza kwa furaha kwamba korosho za Mtwara zinazopakiwa bandarini zikiwa ghafi huenda kubanguliwa kwao, na kwamba mama yake mzazi alilea watoto kwa mikono iliyoungua mafuta ya korosho zetu. "Kwa hiyo mimi na ninyi ni ndugu wa kiwandani," akasema. Alitufundisha kwa Kiingereza, kisha akiona macho yetu yamekuwa ya samaki wa jana, alirudia kwa Kiswahili. Siku ya somo la mantiki aliandika ubaoni kwamba binadamu wote hufa, akataka mmoja wetu aongeze hoja ya pili na hitimisho. Mimi, ambaye sikuwa nimejibu lolote tangu chuo kifunguliwe, nikanyoosha mkono. Nikasema Wamakonde ni binadamu, kwa hiyo Wamakonde hufa. Padri akafurahi, akageuka kuandika. Nyuma yangu ikatoka sauti ya pole sana, ya msichana aliyekuwa akikaa hosteli ya masista na ambaye hata sikuwa nalijua jina lake.

"Samahani, Padri. Hiyo hoja ya pili imethibitishwa na nani?"

Chaki ilikatika. Padri alidhani ameshuhudia kosa kubwa. Alimwamuru yule msichana asimame, akamwuliza kama anajua uzito wa kusema kabila la mwenzake si watu, na alikuwa tayari kumpeleka kwa mkuu wa tawi. Msichana akasimama, hana wasiwasi, ananitazama mimi. Darasa zima lilikuwa linanitazama mimi. Nikauliza, "Wewe kabila gani?" Akasema Mmakua wa Masasi. Nikamgeukia Padri nikamwambia amsamehe tu, Mmakua akishiba panya huwa anaona kila mtu ni panya mwenzie. Darasa likaangua kicheko. Padri alisimama na kipande cha chaki, anamtazama huyu, anamtazama yule, akitafuta aliyetukanwa. Ilimchukua kipindi kizima kuelezwa utani ni nini, na kipindi kilichofuata alikifanya somo: kama tusi limetamkwa, na aliyetukanwa amecheka kwa haki, je, tusi limetokea? Na kama halikutokea, lilikwenda wapi? Ndiyo siku pekee niliyotoka darasani nikiwa bado nafikiri hadi nimefika nyumbani. Yule msichana, Filomena, alinifuata nyuma. Alisema anataka kuona Mmakonde anaishi kwenye nini. Akala ugali wa muhogo na mchuzi wa pweza, akamwambia mama kwamba chakula ni kizuri mno, bila shaka mpishi ana damu ya Kimakua, na tangu mchana ule mama aliacha kupika kwa kipimo cha watu wawili.

Chumba changu kilikuwa kile cha uani, dirisha lake likitazama jiko. Humo tulijisomea, yeye kitandani, mimi kwenye mkeka, umeme ukikatika kila mara kama mtu anayesahau anachotaka kusema. Msimu wa ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, tulikula ming'oko mpaka midomo ikawa na vumbi. Nakumbuka zaidi sauti kuliko vitabu: mafuta ya vitumbua, jirani akiazima kinu, na mama akizungumza ng'ambo ya ukuta, akidhani dirisha likifungwa na masikio yamefungwa. Huko ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza kwamba nitaondoka. Mama alikuwa anamwambia jirani, kwa sauti ya mtu aliyejaa fahari, kwamba barua imekuja kutoka makao makuu ya chuo, kule bara: wanafunzi wa falsafa wataanzia hapa mwaka wa kwanza tu, miaka miwili iliyobaki watamalizia huko. "Mwanangu ndiye huyo anaondoka," akasema. Jirani akapiga kigelegele. Mimi nilikuwa nimeshika mng'oko uliomenywa nusu. Filomena alikuwa ananitazama. Mmakua akikutazama bila kukutania ujue ameona.

Kuanzia hapo kila mtu aliyenipenda alianza kunisukuma kwa mapenzi. Mjomba alituma ujumbe kwamba ataleta mchele wa dua yeye mwenyewe. Mama alinunua begi la kijani lenye zipu tatu, akaliweka juu ya kabati ili kila aingiaye alione. Padri naye, nilipokwenda kumdokeza kwamba huenda nisiwe na kipaji cha kutosha, alinikalisha akanipa mfano wa kwao. Korosho ikibaki Mtwara, akasema, ni korosho ghafi. Husafiri baharini, hubanguliwa, ndipo dunia hujua utamu wake. "Wewe nawe inakupasa ubanguliwe, binti." Niliondoka pale nikihisi maganda yangu yote. Ningesema nini? Kwamba sitaki kwenda kwa sababu huko hakuna mtu atakayejua chai yangu inawekwa tangawizi kiasi gani? Wenzangu walikuwa na sababu za kubaki zenye heshima, mimba, ugonjwa, mzee wa kuuguzwa. Mimi nilikuwa na mkeka. Kila nilipojaribu kumwambia mama, nilimkuta anamwelezea mtu mwingine jinsi nilivyo na hamu, na nikaona nikisema nitamnyang'anya kitu ambacho hajapata kuwa nacho.

Kwa hiyo nililisema mahali pekee ambapo hakuna mtu wa nyumbani angesoma: kwenye mtihani. Padri alikuwa ametufundisha kwamba mtu ana kiini chake, na mengine ni mambo ya nje tu, rangi ya nguo, kukaa au kusimama, na mahali alipo. Mahali, alisisitiza, si sehemu ya kiini. Uwe Mtwara, uwe kwingineko, wewe ni yule yule. Nikaandika kurasa tatu kumpinga. Nilisema yeye amefikiria chuma, mimi nafikiria muhogo. Muhogo ukiwa ardhini unaweza kukaa miaka na usiharibike, lakini ung'oe, hata uubebe kwa upole namna gani, kesho kutwa ukiuvunja utakuta mishipa yake imeshaanza kuwa ya bluu. Jina lake bado muhogo, lakini mpishi hadanganyiki. Padri alinipa alama ya chini, na pembeni akaandika kwamba hoja si sahihi ila amecheka mara mbili. Filomena aliichukua ile karatasi akaisoma kitandani kwangu, polepole, hadi mwisho. Akairudisha, akauliza kuna nini cha kula.

Dua ya kuniaga ilifanyika uani kwetu siku moja kabla ya safari. Mjomba alikuja na mchele wa Kitaya na kofia mpya, mwalimu wa madrasa akasoma dua ndefu iliyotaja hatari zote za njiani, ambazo nyingine sikuwa nimezifikiria, na Padri Yosefu, aliyealikwa, alikaa kwenye mkeka amekunja miguu vizuri kuliko sisi. Begi langu la kijani lilikuwa mlangoni, limejaa. Pilau lilipofika kati, watu wameshapunguza maneno, Filomena aliinuka. Alikwenda mlangoni, akalibeba begi mikononi kama mtu anavyobeba mtoto, akalilaza katikati ya ua, akavua kanga yake ya juu akalifunika. Kisha akaketi chini, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia msiba.

Kama angekuwa mtu mwingine, ingekuwa balaa. Kumlilia msafiri usiku wa kuamkia safari ni kumtakia kifo. Mama alishika mdomo. Lakini mwalimu wa madrasa alisogeza sahani yake pembeni bila haraka, akasema, "Ni mtani, mwacheni afanye kazi yake," na Mjomba, ambaye alikuwa ameanza kuinuka, akakaa. Filomena aliomboleza kwa Kimakua kwanza, kisha akahamia Kiswahili ili wafiwa waelewe wanavyosemwa. Alisema marehemu alikuwa mtu mwema kwa kadiri Mmakonde anavyoweza. Alisema siku walipopelekwa ziara ya kulala Mikindani, hapo tu pua na mdomo, marehemu alirudishwa na homa kabla shuka halijapata joto. Alisema marehemu aliwahi kuuliza kama huko bara kuna muhogo, akajibiwa kuna mahindi, akaacha kula siku hiyo kwa kuomboleza mapema. Watu walianza kucheka, kwanza wanafunzi, kisha jirani, kisha Mjomba akijizuia kwa kofia. Akamgeukia Padri: "Na wewe, Padri, umesema korosho husafiri ikabanguliwe. Tuambie, ikishabanguliwa kwenu, umeona hata moja imerudi Mtwara?" Padri akafikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila swali, akasema hapana, hakumbuki.

Hapo ndipo akavuta begi akalikalia. Akasema maiti hatoki hapa mpaka wafiwa walipe. Mjomba, machozi ya kicheko yanamtoka, akauliza mtani anataka nini.

"Kuku," akasema Filomena. "Na jibu. Nani kati yenu alimwuliza marehemu kama anataka kwenda?"

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilipungua, kama watu wanaotoka msikitini, mmoja mmoja, mpaka akabaki jirani peke yake, naye akajistukia. Mjomba alimtazama mama. Mama alimtazama Mjomba. Nikaona wanavyotazamana nikagundua kwamba kila mmoja alikuwa na hakika mwenzake aliuliza. Mtani hajibiwi kwa hasira, wala haachwi bila malipo, kwa hiyo Mjomba hakuwa na njia ila kunigeukia, mbele ya watu wote, kuku asije akawa deni.

"Mpwa wangu. Unataka kwenda?"

Nilitazama begi, na Filomena juu yake. Nikasema, "Sitaki, Mjomba."

Nilitegemea mbingu zianguke. Ilikuja sauti ya mama, nyuma, inasema "Alhamdulillah," akalia papo hapo, akilia na kucheka, akisema kwamba wiki zote hizi amekuwa akipika kibaba kimoja pungufu ili azoee, na kila siku chakula kinatuishia hamu haijaisha, na yeye anasema ni mchele mbaya. Mjomba aligeuzageuza kofia yake mikononi. Aliniuliza Kitaya atawaambia nini. Kabla sijajibu, Filomena akamwambia awaambie mwanafalsafa ameshahitimu, amejua anachotaka, na wapo wenye shahada ambao hawajafika hapo. Mjomba akavuta pumzi, akaivaa kofia, akasema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo wa mtu mwingine, "Mpeni mtani kuku wake." Padri Yosefu aliomba pilau zaidi. Kesho yake basi la bara liliondoka na Filomena na wenzetu wengine, yeye akiwa na kuku aliye hai kwenye kapu, kwa sababu alikataa kabisa achinjiwe. Nilimpungia mkono nikarudi nyumbani kwa miguu, na nakumbuka nilikuwa mwepesi kiasi kwamba nilipita mlango wetu nikalazimika kurudi nyuma.

Hayo ndiyo niliyoyafikiria njia nzima hadi Masasi, nimepakata begi. Filomena sasa ni mwalimu mkuu wa sekondari, nywele zimeingia mvi mbele, sauti yake bado ile ile ya pole. Nilimkuta uani kwa mama yake anamenya muhogo, nikachukua kisu nikakaa. Alimenya mitatu minne ndipo akaniuliza. Alisema kila mwaka anapowapeleka wanafunzi wake chuo kikuu, hasa wasichana, anaiona sura yangu. Alisema, "Mtani, siku ile nilikufanyia mzaha au nilikufungia mlango? Wewe ulikuwa na akili kuliko sisi. Ungekuwa wapi sasa?"

Nikamwambia ningekuwa na homa. Hakucheka, kwa hiyo ikabidi nimjibu kama mtu mzima. Nikamwambia mama yangu alifariki mkono wake ukiwa ndani ya wangu, kitandani kwake, dirisha likiwa wazi kuelekea jikoni, na kwamba tangu siku ile ya begi sijawahi kuamka asubuhi nikajiuliza nipo wapi. Nikamwambia wapo wanaotakiwa kusukumwa watoke, awasukume bila huruma, lakini mmoja mmoja awaulize kwanza. Basi. Akatazama muhogo mkononi, akauvunja katikati, mweupe pee, akanionyesha. Mabega yake yakashuka. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kubeba begi langu miaka yote hiyo.

Kaburini, padri wao alipomaliza sala na jeneza kushushwa, kila mtu akaogopa kuwa wa kwanza kutupa udongo. Filomena alikuwa amesimama mbele, amejikaza, macho makavu tangu siku ya simu. Wazee wa Kimakua wakaanza kunitazama, maana hiyo ndiyo nafasi ya mtani. Nikasogea, nikapanda juu ya lundo la udongo, nikashika koleo nikalikatalia. Nikasema sitaki kuku. Nimekuja kufunga mjadala wa zamani. Nikasema binadamu wote hufa, hilo halina ubishi. Huyu mama alikuwa Mmakua. Na leo, kwa macho yetu wenyewe, amekufa. "Kwa hiyo, ndugu wafiwa, hongereni. Wamakua nao ni binadamu. Tulikuwa na wasiwasi."

Mwanamantiki yeyote angenikosoa, hata Padri Korosho, kwa sababu mbuzi nao hufa. Filomena alinikosoa pale pale, kidole kikiwa juu, akaanza kusema hitimisho haliwezi kutokana na hoja hizo, na katikati ya kusema akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika magoti, na kicheko kikafungua kile kilichokuwa kimefungwa, akalia sana, kama mtoto wa mtu. Wazee wakasema ndiyo, sasa amelia. Nikawaachia koleo.

Nilikaa kwao mpaka matanga yalipoanuliwa, nikalala kwenye kitanda cha mama yake, kwa kuwa mtani hachagui kitanda. Homa haikuja.